Mlangoni kwa Jora

Watu walimwita Sponji, na jina hilo alilipata kwa haki. Alipoanza ufundi wa makochi hakuwa na uwezo wa kununua sponji mpya, akawa anazunguka mitaani kuuliza nani anatupa godoro. Akimwona mtu kabeba godoro kuukuu, humfuata nyuma kimyakimya kama anayesindikiza jeneza. Mkewe, Mama Pacha, alipenda kuwaambia wageni kwamba hata yeye aliposwa kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na godoro nene.

Siku simu ilipoita alikuwa amepiga magoti karakanani mbele ya kochi la mteja, anang'oa misumari kwa koleo. Aliyepiga ni dada yake mkubwa, aliyebaki katika nchi waliyozaliwa, ng'ambo ya mpaka. Dada huyo kwa kawaida humaliza dakika nzima akiuliza habari za watoto, za kazi, za mgongo. Siku hiyo hakusalimu.

"Wamemuua mwanangu," alisema, kisha simu ikachukuliwa na mtu mwingine aliyeshindwa kuongea.

Sponji alibaki ameshika koleo. Upande wa pili wa karakana mdogo wake alikuwa akifunga kamba kwenye viti vya kupeleka kwa mteja. Huyo ndiye aliyeendesha gari dogo la mizigo la karakana, lenye maandishi mekundu ubavuni, na mtaani hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Dereva. Aligeuka, akamwona kaka yake, akaiacha kamba ikaanguka.

Kijana aliyeuawa alikuwa mpwa wao, lakini kwa Dereva alikuwa zaidi ya hapo. Miaka ya sekondari aliletwa huku kusoma, akaishi chumbani kwa Dereva, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Dereva ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, kunyoa ndevu na kupika wali usioungua. Baadaye kijana alirudi kwao kusomea uuguzi. Kisha uchaguzi ukaahirishwa mara ya pili, watu wakaingia barabarani, na serikali ikatuma wanajeshi. Jeshi la nchi hiyo lilishikwa na watu wa nyanda za juu. Walioandamana, ingawa si wote, walikuwa watu wa mabondeni, kama ukoo wa Sponji. Kijana alikwenda na mkoba wa bandeji kuwahudumia waliojeruhiwa.

Jioni ile video ilikuwa imeshafika kila simu. Ilimwonyesha kijana kalala kando ya barabara, kiatu kimoja hakipo. Sponji aliitazama mara moja akatoka nje. Dereva aliitazama, akairudisha mwanzo, akaitazama tena, mpaka Mama Pacha akamnyang'anya simu.

"Shemeji, utajiua."

"Nirudishie, shemeji," alijibu kwa upole. "Nataka kuona sura ya aliyepiga."

Sura haikuonekana. Ilionekana kofia tu.

Msibani walijaa watu. Siku ya pili aliingia Jora. Huyu alikuwa muuza vitambaa, mwenye duka la ghorofa moja mtaa wa tatu kutoka hapo, na familia yake iliishi juu ya duka. Naye alikuwa mhamiaji kutoka nchi ileile, ila mtu wa nyanda za juu. Kwa miaka mingi Sponji alinunua vitambaa kwake na kwake tu. Walitaniana kuhusu lafudhi, wake zao walisukana nywele, watoto wao walipigana na kupatana. Jora alivua viatu mlangoni, akampa mkono Sponji, akampa Mama Pacha pole, akafika kwa Dereva. Dereva hakunyanyua mkono.

"Kaka yako bado yuko jeshini?" aliuliza.

Watu wote walijua kwamba kaka yake Jora alikuwa kamanda huko kwao.

"Yupo," alisema Jora.

"Kikosi gani?"

"Sijui. Hatujazungumza tangu tugombane juu ya nyumba ya baba. Fundi anajua habari hiyo."

Fundi ni Sponji. Na kweli alijua. Aliijua habari ya ile nyumba mwanzo hadi mwisho, maana Jora alimsimulia akitokwa machozi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Lakini macho ya watu wa kwao yalikuwa yamemgeukia, na picha ya mpwa wake ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Alitazama chini. Jora alisubiri kidogo, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Baada ya hapo ndipo ilipoingia Sauti. Hivyo ndivyo walivyomwita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Alikuwa mtu wa mabondeni aliyeishi nchi ya mbali sana, kwenye baridi, na kila siku alituma ujumbe wa kusikiliza kwenye makundi ya simu. Alikuwa na kipaji cha kuongea. Alianza kwa majina ya waliouawa, akiyataja taratibu, jina la mpwa wao likiwemo, na ukilisikia jina la mtu wako likitajwa hivyo hukosi kushikwa. Mwanzoni aliwalaani wanajeshi. Baadaye akawalaani waliowazaa. Kisha akaanza kuuliza: mnaoishi ughaibuni, jirani yenu ni nani? Mnanunua kwa nani? Mnajua pesa zenu zinakwenda kununua nini?

Sponji alisikiliza akishona. Tusimtolee udhuru. Alikuwa na uchungu, na ile sauti iliupa uchungu wake mahali pa kwenda. Aliacha kununua vitambaa kwa Jora. Siku ujumbe ulipotaja "muuza nguo mmoja anayemlisha ndugu yake kamanda," alijua ni uongo, akausambaza. Kidole kiligusa kabla akili haijakataa, hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini akili ilipofika, hakuufuta.

Mji ukabadilika bila mtu kutangaza. Watu wa nyanda za juu walihamia upande mmoja wa soko. Mama mmoja wa mabondeni, muuza mboga, alipigwa na vijana wa upande ule mpaka akapoteza jicho, kwa kuwa nao walikuwa na sauti yao na makundi yao, yenye maiti zao. Kioo cha Jora kilivunjwa. Wenyeji wa mji walishangaa: watu hawa wamekaa nasi miaka yote wakicheka pamoja, kimewapata nini? Wao hawakuwa na simu iliyolia kila asubuhi na jina la marehemu.

Dereva ndiye aliyebadilika kuliko wote. Aliacha pombe, jambo ambalo Mama Pacha alikuwa amelililia kwa miaka, na sasa likamtisha. Aliacha pia mzaha. Akawa anakuja na watu karakanani siku za mapumziko, wakiongozwa na mtengeneza simu mmoja mwenye miwani waliyemwita Katibu, mtu asiyepaza sauti. Sponji akiingia wanabadili mazungumzo.

"Mnapanga nini?" alimuuliza mdogo wake.

"Tunaomboleza, kaka. Au kuna kibali cha kuomboleza?"

Halafu, Jumamosi moja, ikatangazwa kwamba kaka yake Jora amepandishwa cheo na kuwa mkuu wa majeshi ya mji mkuu. Ujumbe wa Sauti siku ile ulikuwa mfupi kuliko zote. Alisema tu: "Huko wanasherehekea. Huko mliko, wanasherehekea pia?"

Jumapili alasiri Sponji alikwenda karakanani kumalizia kiti cha mteja aliyekuwa na haraka. Kufuli lilikuwa limefunguliwa, na gari halikuwepo. Mwanzo hakushtuka. Aliinama kutafuta gundi, akakuta rafu ya chini iko tupu. Madebe ya thina, ile ya kuyeyushia gundi, hayakuwepo. Juu ya meza palikuwa na faneli. Aliishika, ikamlowesha vidole. Chini, kitambaa cheupe cha kufunikia makochi kilikuwa kimechanwa vipande vyembamba, na kreti la chupa tupu za soda, ambalo Mama Pacha alikuwa akilipigia kelele lirudishwe dukani, halikuwa mahali pake.

Alitoa simu. Alimpigia mdogo wake.

"Uko wapi?"

"Napeleka kochi."

"La nani? Leo Jumapili."

Alisikia injini ya gari lake mwenyewe, ile inayokohoa ikipandishwa gia.

"Kaka," alisema Dereva, "leo kaa nyumbani. Kaa na shemeji na watoto." Akakata.

Sponji alimpigia Jora. Simu iliita mpaka mwisho. Akapiga tena, ikakatwa. Alipiga simu polisi, akapokewa na mtu aliyetafuna kitu, akamwambia afike kituoni aandikishe maelezo. "Andika mtaa," alisema Sponji. "Duka la vitambaa, watu wanaishi juu. Andika." Kisha akatoka mbio. Hakuwa mtu wa kukimbia, mgongo ulikuwa umeharibiwa na makochi ya watu. Alisimamisha pikipiki ya kwanza aliyoiona, akapanda bila kuuliza bei.

Mtaa wa Jora ulikuwa mtupu, maduka yamefungwa. Mlango wa chuma wa duka ulikuwa nusu wazi, na nyuma yake geti la nondo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Aligonga kwa ngumi. Dirisha la juu likafunguka, mke wa Jora akachungulia. Zamani angemwita shemeji.

"Unataka nini?"

"Shuka na watoto. Tokeni. Wanakuja kuchoma."

Yule mama alimtazama, akavuta hewa puani. "Mbona wewe ndiye unayenuka mafuta?"

Sponji alitazama mikono yake. Thina ya ile faneli ilikuwa imekauka vidoleni, lakini harufu ilibaki, na shati lake la kazi lilikuwa hivyo siku zote.

Jora alitokea nyuma ya geti, mkononi ana kipande cha bomba. Alikuwa amekonda.

"Rudi nyuma, fundi."

"Nisikilize. Watoe watoto kwa mlango wa nyuma, sasa hivi."

"Mlango wa nyuma." Jora alitikisa kichwa polepole. "Huko nyuma kuna nani anawasubiri?"

Ndipo Sponji alipoona shimo alilomo. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa neno ambalo mtego ungetumia. Akisema tokeni, ni mtego. Akisema bakini, ni mtego. Akili ilimzunguka, na masikio yalikuwa yamekwenda mwisho wa mtaa yakitega injini inayokohoa.

"Anakuja nani?" Jora aliuliza.

Angeweza kusema "watu." Angeweza kusema "sijui." Alimfikiria mama yao, aliyemkabidhi Dereva mikononi mwake, mtoto bado, siku wanavuka mpaka.

"Mdogo wangu," alisema. "Na Katibu, na wengine. Wanakuja na gari langu. Wamechukua thina yangu."

Jora hakusogea. "Ule ujumbe ulionitaja mimi. Wewe uliusambaza?"

"Ndiyo."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Baadaye, mahakamani, Jora alipoulizwa kwa nini alimwamini mtu aliyekwisha kumsaliti, alisema ni kwa sababu ya jibu hilo. Mtu aliyekuja kumdanganya angekana. Aligeuka, akapaza sauti kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo Sponji hakuielewa vizuri, na huko juu vishindo vya miguu vikaanza: miguu mizito ya mama mkwe, miguu myepesi ya wasichana wawili. Mlango wa nyuma uligongana na ukuta.

Gari lilikunja kona.

Sponji aliliona kabla ya kulisikia, jina lake mwenyewe limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Akaingia katikati ya barabara. Hakunyanyua mikono wala hakupiga kelele. Alisimama tu. Nyuma ya kioo aliona uso wa mdogo wake, na ule uso haukuonyesha kwamba umemwona. Gari halikupunguza mwendo. Alifumba macho.

Magurudumu yalilia. Alipofumbua, bampa lilikuwa limemgusa magoti, na mvuke wa rejeta ulikuwa ukimpiga tumboni.

"Toka, kaka," alisema Dereva kupitia dirishani.

"Zima gari."

"Toka."

"Kuna watoto. Unawajua. Umewabeba kwenye gari hili."

"Na mtoto wangu mimi?" Dereva alisema, na hapo sauti ilimvunjika. "Mwanangu mimi alibebwa na nani?"

Katibu alikuwa amekwisha kuruka kutoka nyuma ya gari. Hakuonekana na hasira. Alitembea hatua chache kama mtu anayepeleka barua, akawasha kitambaa, akarusha. Chupa ilipasukia kwenye nondo za geti, moto ukamwagikia ndani na nje kwa pamoja. Wenzake walirusha nyingine moja, ikaangukia barabarani, wakatawanyika wakikimbia. Katibu naye aliingia mitini.

Jora alifungua mnyororo kutoka ndani, akikohoa, akavuta jora la kitambaa la kwanza lililokuwa karibu naye ili afunike moto.

"Si hilo!" Sponji alipiga kelele. "Hilo ni nailoni!" Alivuta zulia zito la sufu lililokuwa mlangoni, wakalishika huku na huku, wakajitupa nalo juu ya ndimi za moto. Walilikandamiza kwa mikono, kwa magoti, kwa matumbo. Nusu ya duka ilikwenda. Ghorofa ya juu haikuguswa. Sponji aliungua viganja vyote viwili, na kwa muda hakuhisi kitu, alishangaa tu kwa nini vidole havifungi.

Polisi walipofika, Dereva alikuwa bado amekaa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, injini inanguruma. Walimtoa kama mtu anayetolewa usingizini.

Wengine walikamatwa baadaye, isipokuwa Katibu. Kesi ilichukua muda. Sponji aliitwa shahidi wa upande wa serikali, akasema yote: faneli, kreti, simu, na ule ujumbe aliousambaza yeye mwenyewe. Wakili alimuuliza kama alielewa kwamba anamfunga mdogo wake. Alisema anaelewa. Dereva alipewa kifungo kirefu, ingawa hakimu alisema kingekuwa kirefu zaidi kama gari lisingesimama.

Sauti alituma ujumbe siku ya hukumu. Alimwita Dereva shujaa, akamwita Sponji jina ambalo Mama Pacha alikataza lisirudiwe ndani ya nyumba yake. Kisha, bila kupumua, akaendelea kutaja majina mapya. Alikuwa salama kwenye baridi yake. Kuna waliodai baadaye kwamba ana duka la kuuza magari huko na hali yake ni nzuri, lakini hilo hakuna aliyeweza kulithibitisha.

Wateja wa kwao walimpa Sponji kisogo. Usiku mmoja mtu alimwaga kinyesi mlangoni pa karakana. Jora naye hakubaki. Alikuja kuaga, akasimama kizingitini bila kuvua viatu.

"Mke wangu hawezi kulala pale," alisema. "Akisikia gari anawaamsha watoto."

"Naelewa."

"Nakushukuru, fundi. Lakini sijakusamehe. Nataka uyajue yote mawili."

"Nayajua," alisema Sponji, na waliagana kwa kupeana viwiko, maana viganja vya Sponji vilikuwa bado havijapona vizuri.

Lililomuumiza kuliko yote lilikuwa kimya cha dada yake. Alikuwa amemwambia neno moja tu baada ya kukamatwa kwa Dereva: "Mimi nimezika mmoja, wewe umenizikia wa pili." Kisha akawa hapokei. Huko kwao mambo hayakutulia. Yule kamanda, kaka yake Jora, alipinduliwa na kamanda mwenzake, na watu wa mabondeni na wa nyanda za juu wakaendelea kufa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gerezani Dereva alikataa kumwona kaka yake. Mama Pacha alikwenda peke yake, akarudi, akasema amenenepa kidogo, ameuliza kuhusu watoto. Sponji alikwenda hata hivyo kila siku ya wageni, akakaa kwenye benchi la nje na walinzi, ambao walimzoea wakaanza kumletea viti vyao vibovu. Vidole vilikuwa vimerudi nusu. Kushona aliweza, kukata kitambaa alimwachia mkewe, ambaye alidai kwamba sasa mistari imenyooka kwa mara ya kwanza tangu karakana ifunguliwe.

Mwaka wa pili ulipoingia, siku moja mlinzi alitoka akamwita. Dereva alikuwa amekaa upande wa pili wa wavu, kichwa kimenyolewa. Hakusalimu.

"Siku ile," alisema Dereva, "nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nakugonga."

"Hukunigonga."

"Mguu ndio uliokanyaga breki. Mimi sikuikanyaga." Alisema hivyo kama anayelalamika, kama anayetaka kosa hilo liandikwe mahali. "Nimeufikiria sana. Sijui ni nani aliyekanyaga."

Sponji alitaka kuingiza mkono kwenye wavu, matundu yalikuwa madogo.

"Dada amekupigia?" Dereva aliuliza.

"Hapana."

"Nitamwandikia," alisema. "Siahidi nitaandika nini."

Kengele ililia. Dereva alinyanyuka, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Lete soksi," alisema. "Humu kuna baridi."